Uso Uliobakiza Macho

Kitambaa kilikuwa kimelowa, na Kitinda hakuwa amekilowesha.

Alisimama mlangoni mwa karakana ya marehemu mama yake, ndoo mkononi, akakitazama. Jana yake alirudi kazini hoi, akapitiwa na usingizi kwenye kochi na viatu miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasahau kukimwagia maji kile kichwa cha udongo. Kwa joto la siku zile, kitambaa kilichokifunika kilipaswa kuwa kikavu, kimekakamaa. Badala yake kilikuwa kinadondosha matone kwenye kibao, taratibu, kama nguo iliyoanikwa sasa hivi.

"Labda nilikilowesha," alijiambia. Akaweka ndoo chini, akarudishia mlango, akaenda zake kazini.

Ndivyo alivyokuwa. Tangu wamzike mama yake, mambo yalimfika kwa mbali, kama mazungumzo ya majirani nyuma ya ukuta. Aliamka, akampeleka mtoto shule, akapiga pasi mashati ya watu kwenye duka la dobi mpaka jioni, akapika, akalala. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alipopiga simu kuuliza hali, alijibiwa "nzuri", naye akaridhika, maana sauti ilikuwa tulivu.

Mama yake mtaa mzima ulimwita Mama Vichwa. Maisha yake yote alifinyanga vichwa vya wanawake: msusi, muuza mboga, mwalimu wa darasa la kwanza, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule. Wanawake hao walikuja wenyewe, wakakaa kwenye kiti kando ya dirisha, wakapiga soga, naye akafinyanga huku akicheka. Vichwa vilivyokwisha kuchomwa vilijaa kwenye rafu za karakana nyuma ya nyumba. Wachuuzi walikuja wakanunua kimoja kimoja kwa bei ya kutupa, vikaenda visikojulikana.

Siku ile anapelekwa hospitali, Mama Vichwa alikuwa ameanza kichwa kipya. Kilikuwa bonge tu juu ya shingo, kama yai, hakina pua wala mdomo. Alipoingizwa kwenye gari alimshika bintiye mkono.

"Kisikauke hicho, mwanangu. Nikirudi nakimalizia."

Hakurudi. Na Kitinda, ambaye hakujua afanye nini kingine, aliendelea kukimwagia maji kila siku, miezi ikapita. Dada yake mkubwa, aliyekuwa mwalimu mji mwingine, alimwambia kwenye simu akiache kikauke, akitupe. Kitinda aliitikia ndiyo, akakata simu, akachukua ndoo.

*

Siku ya mapumziko, mchana, jua limekaa utosini na mtaa mzima umejifungia ndani kukwepa joto, Kitinda alikuwa anakunja nguo sebuleni aliposikia sauti kutoka nyuma.

Chwap.

Kimya. Kisha tena: chwap, chwap. Aliijua. Alikuwa ameisikia tangu yuko tumboni. Ni sauti ya kiganja kilicholowa kikibandika udongo juu ya udongo.

Akainuka. Uani alikutana na harufu ya mvua ya kwanza, ile inayopanda ardhini vumbi likipata maji, wakati anga lilikuwa jeupe na hakuna aliyeona wingu kwa wiki kadhaa. Harufu ilitoka chini ya mlango wa karakana. Akausukuma. Hapakuwa na mtu. Vichwa vya wanawake vilikuwa kwenye rafu zake vimetazama mbele. Kitambaa kilikuwa mahali pake, ila fundo lake, ambalo yeye hulifunga kisogoni, lilikuwa limefungwa mbele, chini ya kidevu, kama mtu aliyejifunga mwenyewe.

Akalifungua. Bonge lilikuwa limepata pua.

Pua nzuri, tena imekamilika, na vitundu vyake, na kile kibonde kidogo juu ya mdomo. Kitinda aliitazama kwa muda. Mtu mwingine angepiga yowe akaangusha kitambaa akakimbia kwa majirani. Yeye alihisi kitu kama joto dogo kifuani, kitu ambacho hakikuwepo kwa muda mrefu. Akawaza: mama amerudi kukimalizia. Akakifunika polepole, akafunga fundo mbele vilevile alivyolikuta, asije akamkera aliyelifunga.

Usiku ule aligundua kuwa harufu imekatika. Mwanzo alidhani imekwisha yenyewe. Lakini asubuhi maziwa yaliungua jikoni mpaka moshi ukajaa, na mtoto wake ndiye aliyekuja mbio ameziba pua.

"Mama! Husikii harufu?"

Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Kitinda alizima jiko, akainamia sufuria iliyoungua, akavuta pumzi. Hakupata kitu. Ni kama kunusa kioo.

*

Mdomo ulifuata. Sauti za chwap zilikuja mchana, watu wakiwa makazini, na jirani wa ukuta wa pili akadhani Kitinda ameajiri fundi. "Mvua ilinyesha kwenu peke yenu?" aliuliza siku moja akichungulia ua. "Maana harufu hiyo, jamani!" Kitinda alitabasamu, akasema ni maji ya kufulia.

Kule kwa dobi walikuwa wanakunywa chai mwenzake alipompokonya kikombe. "Wewe! Hiyo imetoka jikoni sasa hivi, inafuka moshi, na wewe unaipiga mafunda kama maji ya mtungi! Mdomo wa bati huo?" Wote wakacheka. Kitinda akajigusa mdomo. Ulikuwa umetoka malengelenge. Hakuwa amesikia moto, wala utamu wa sukari. Ganzi ilianzia puani ikateremka mashavuni, ikauzunguka mdomo. Alijifinya shavu kwa kucha mpaka pakabaki alama, na lile shavu lilikuwa kama la mtu mwingine.

Jioni Chiriku alimbusu kama kawaida yake, kisha akarudi nyuma, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Uso wako una baridi, Mama. Na una vumbi."

Kitinda aliuosha uso. Maji yaliyoteremka kwenye beseni yalikuwa safi.

Aliijua sababu. Hakuwa mjinga. Alijua kuwa kila kinachoota kule nyuma kinapungua huku. Ila kujua na kuogopa ni vitu viwili, na kile cha pili hakikuwa kinamfikia. Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililomnyamazisha.

Mhifadhi wa makumbusho ya mji alikuwa amempigia simu.

*

Alikuja Jumamosi pamoja na Dada, ambaye alisafiri kwa ajili hiyo. Mhifadhi alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Alieleza kisa chake hata kabla hajakaa vizuri.

"Kwenye ghala letu tuna vichwa vya mama yenu. Vipo miaka na miaka. Vimeandikwa 'Msanii hajulikani'. Na kimoja, nisikilizeni vizuri, kimoja kimeandikwa jina la mwanamume aliyekuja kutuuzia! Mchuuzi! Ndiye msanii!" Alipiga goti lake kwa kiganja. "Nimepigana mpaka nimepewa chumba. Chumba kizima cha wanawake waliotengeneza vitu mji huu ukajifanya vimeota vyenyewe kama uyoga. Nataka nianze na Mama Vichwa. Jina lake mlangoni, herufi kubwa."

Dada alilia pale pale. Kitinda akasema, "Ahsante," akaona aibu kwa jinsi neno lilivyotoka kavu.

Wakaenda nyuma. Mhifadhi alipita kwenye rafu akivisalimia vichwa kama watu. Alipofika kwenye kibao akauliza, "Na hiki?"

"Ndicho cha mwisho," Kitinda alisema. "Hakikwisha."

Akakifunua. Masikio yalikuwa yametoka tangu juzi, na nywele zimesukwa mstari mmoja mmoja. Mashavu, kidevu, mdomo uliofunguka kidogo kama wa mtu anayetaka kusema. Ni macho tu yaliyokosekana. Mahali pake palikuwa na mabonde mawili laini.

Mhifadhi alivua miwani, akaivaa tena. "Mungu wangu," alinong'ona. "Sijaona kazi kama hii. Hivi vingine ni vizuri, lakini hiki kinapumua."

Dada alikuwa anamtazama mdogo wake, kisha kichwa, kisha mdogo wake.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi?"

"Hujioni? Ni wewe mtupu. Mama alikuwa anakufinyanga wewe." Alijaribu kucheka, kicheko kikamsaliti katikati. "Ni haki. Wewe ndiye uliyebaki naye. Mimi nilikuwa natuma salamu."

Kitinda alijua kuwa pale ndipo mahali pa kusema. Aseme: mama aliacha bonge, Dada, mama hakuuona hata mdomo huu. Lakini mhifadhi alikuwa ameshashika daftari lake kifuani kama mtu anayeomba dua, na anasema kichwa kitawekwa katikati ya chumba, peke yake, chini ya taa, na watu watakuja kutoka mbali. Miaka yote ile mama yake alikuwa hajulikani. Kama gharama ya kumfanya ajulikane ni pua moja na mdomo mmoja ambavyo mwenyewe hakuvitumia kwa furaha, basi si ghali. Ndivyo alivyowaza, na aliwaza bila kutetemeka.

"Ndiyo," alisema. Sauti za wenzake zilimfikia zimefifia, kana kwamba ana pamba masikioni. "Labda ni mimi."

*

Dada alibaki wiki ile kusaidia kufunga vichwa kwenye maboksi. Ikawa siku ya tatu hivi, alasiri, Kitinda anarudi kutoka kazini, akamkuta Chiriku ameketi kwenye kizingiti cha karakana na sare za shule, miguu ameinyoosha, anazungumza na giza la mle ndani.

"Unaongea na nani?" Kitinda aliuliza. Ilibidi mtoto ajibu mara mbili ndipo amsikie.

"Na huyo anayefinyanga. Anasema bado macho tu."

"Bibi yako?"

Chiriku alimkunjia uso mama yake, kama anavyomkunjia mtu mzima anayeuliza swali la kijinga. "Si bibi. Bibi alikuwa na mikono."

Kitinda akashika fremu ya mlango.

"Anasema akiweka macho atatoka nje na wewe utakaa ndani," mtoto aliendelea, akichezea kamba ya kiatu. "Nikamwambia mama yangu anakwenda kazini, hawezi kukaa ndani. Akacheka. Hana meno, Mama, lakini anacheka. Anasema kesho nikae kwenye kiti cha dirishani, kile cha bibi, kwa sababu akimaliza wewe anaanza mimi."

Ule uso uliokufa haukubadilika. Lakini chini yake, mahali fulani karibu na tumbo, kitu kilichokuwa kimelala tangu mazishi kilizinduka kwa kishindo, na Kitinda akambeba mtoto kama furushi, mkubwa vile alivyokuwa, akakimbia naye uani akipiga ndoo teke, akapita jikoni, akapita sebuleni, hakusimama mpaka alipojikuta katikati ya barabara, jua linawaka, watu wanamshangaa, na Dada yuko nyuma yake anamwita.

Wakaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Kitinda akasema yote, kwa kunong'ona, akimshikilia Chiriku kwapani.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole, akamgusa shavu. Akamfinya. Akamfinya kwa nguvu zaidi, huku anamtazama machoni.

"Husikii?"

"Sisikii."

"Na ulikuwa unanyamaza?"

"Kilikuwa kizuri, Dada. Kilikuwa kizuri kuliko vyote."

Dada alifunika mdomo kwa mkono. Akainuka. "Twende kwa Mkunga."

*

Mkunga alikuwa mzee sasa, haendi tena kuzalisha, lakini watu walimfuata kwa mengine: mtoto anayelia bila sababu, nyumba isiyolalika. Aliitikia shikamoo zao, akasikiliza kisa chao, akamshika Kitinda kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua embe sokoni.

"Mlikuwa mnakimwagia maji?" aliuliza.

"Mama alisema kisikauke."

"Alisema akirudi. Hakurudi." Hakusema kwa ukali. "Mama yenu hakuwahi kulala na kichwa kisicho na pua. Hamkumwona? Jioni ikimkuta hajapata sura ya mtu, anakiponda kinakuwa bonge tena, anakitia kwenye pipa. Watu walidhani ni madaha ya usanii. Uso mtupu, mbichi, umefunikwa vizuri, unanyweshwa kila siku. Mwanangu, hiyo ni nyumba ina mlango wazi na maji mezani. Wapo wanaotembea hawana uso, wanatafuta. Atapita mmoja aseme hapana?"

"Tukiponde basi," Dada alisema.

"Kiponde sasa, na hapa pote" — akamzungushia Kitinda kidole usoni — "patapondeka nacho. Ameshashikizwa humo. Lazima atolewe kama alivyoingizwa, pua kwa pua. Ule uso ulikuwa na mwenyewe. Arudishiwe mwenyewe."

"Nani?" Kitinda aliuliza. "Mama hakusema alikuwa anamfinyanga nani."

Mkunga alimwachia kidevu. "Aliniuliza mimi," alisema. "Wiki ile kabla hajaugua alikuja hapa kuniuliza kovu lilikuwa upande gani. Alikuwa anamfinyanga aliyemfundisha. Mfinyanzi wa vyungu, yule shangazi yangu. Mikono ile, nyie! Hakuna nyumba iliyokosa chungu chake, na hakuna aliyemuuliza jina. Hakupigwa hata picha moja. Waliomjua sura tulikuwa tumebaki mimi na mama yenu, na sasa ni mimi peke yangu."

"Basi wewe ndiye utakayemfinyanga, Bibi," Dada alisema.

"Mimi natoa watoto, siwatengenezi," Mkunga alisema. "Mimi nitasema. Mwenye uso ndiye atakayefinyanga."

*

Walifanya mchana wa siku iliyofuata. Chiriku aliachwa kwa jirani. Mkunga aliingia karakana akafungua madirisha yote, akaketi kwenye kile kiti, akasoma alichosoma kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Funua."

Kitambaa kilipoondoka, Dada alirudi nyuma mpaka ukutani. Kwenye mabonde ya macho palikuwa na mistari miwili myembamba, imechorwa upya, bado inang'aa maji. Kope.

Kitinda alikuwa hajagusa udongo tangu utotoni. Akalowesha vidole. Kwa muda wote ule, pembeni mwa macho yake kulikuwa na ukungu, na ukungu ulikuwa unasogea katikati.

"Pua pana," Mkunga alisema. "Pana kuliko hiyo. Imelala."

Akaweka kidole gumba juu ya pua yake mwenyewe ya udongo, akaibonyeza.

Harufu ikamrudia kwa mkupuo mmoja: udongo, jasho la Dada, kitu kilichooza ndani ya udongo, kitamu, kizito, na maumivu yakapita katikati ya uso wake kama msumari, akainama, akatapika pembeni ya kibao.

"Endelea. Mdomo. Wa juu mwembamba, wa chini umeanguka upande mmoja, alikosa meno ya huku."

Alipofikia mdomo kilianza kusema. Midomo ya udongo haikusogea. Sauti ilitoka nyuma ya vidole vyake, laini, na ilikuwa sauti ya mama yake.

"Kitinda. Unaniharibia kazi, mwanangu."

Dada alilia, "Mama!" na Mkunga akampiga kofi mguuni.

"Usimjibu! Wewe nawe, usimjibu. Kovu kidevuni, upande wa kushoto, refu kama ukucha."

"Niache niwe mzuri," sauti ilisema. "Wataniweka chini ya taa. Watajua jina langu. Hutaki wajue jina la mama yako?"

Na Kitinda alitaka, alitaka kuliko kitu chochote, na mikono yake ikasita juu ya kile kidevu laini ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukifinyanga namna ile, akawaza juu ya chumba na mlango na herufi kubwa, na ukungu ukazidi kuingia mpaka akawa anaona tundu dogo tu la mwanga na ndani yake uso wake mwenyewe ukimtazama kwa kope zilizofumba, kisha akakumbuka, bila kutafuta, mama yake ameketi kwenye kiti hiki hiki huku yeye na Dada, watoto wadogo, wanachimba kichwa cha muuza mboga kwa vijiko, wanakitia masikio ya punda, na mama yake anacheka mpaka machozi, anasema ongezeni pembe, ongezeni mkia, udongo ni udongo. Mama yake hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaharibu. Hakuwahi kufinyanga ili awe chini ya taa.

"Wewe si mama," alisema kwa sauti ya kawaida, akachora kovu kwa ukucha.

Sauti ikakatika kama redio iliyochomolewa.

Walikwenda hivyo, shavu kwa shavu, sikio kwa sikio. Mkunga alisema, naye akafinyanga vibaya, akarudia, akafinyanga tena. Macho yalikuwa ya mwisho: la kushoto dogo kuliko la kulia, yote mawili yamekunjamana kwa moshi wa kuni. Alipotoboa mboni ya pili, ukungu uliondoka, akamwona Dada, ameloa jasho.

"Sasa kipasueni," Mkunga alisema. Kichwa cha udongo hakichomwi kikiwa kimejaa, kitapasuka tanurini. Hukatwa kwa waya, kikachimbwa ndani kikawa wazi, kikaunganishwa. Dada alishika upande mmoja wa waya, Kitinda upande wa pili, wakaupitisha kutoka sikio mpaka sikio. Nusu mbili zikaachana.

Ndani, mahali ambapo mkono wa mtu hauwezi kufika, katika udongo uliokuwa mzima na haujawahi kufunguliwa, kulikuwa na kinywa. Kinywa kizima: ulimi umelala, kaakaa na mikunjo yake, koo linaloteremka kuingia shingoni. Na meno yalikuwa yameanza kuota, madogo, safu ya mbele tu.

Mkunga akampa Kitinda kijiko.

Alichimba ulimi kwanza. Mdomoni mwake mwenyewe akasikia ladha ya udongo, akatema, akaendelea kuchimba. Dada alipokea vile vipande kwa kitambaa, na Mkunga akaenda kuvitupa mahali ambapo hakuwaambia.

*

Kile kichwa kilichomwa, hakikupasuka. Hakikuwa kizuri. Pua ilikwenda upande, na ukikitazama kwa mbali ungedhani bibi kizee anakukonyeza. Mhifadhi alipokiona alikizunguka mara mbili.

"Kile kingine kiko wapi?" aliuliza.

"Hakikuwa cha mama," Kitinda alisema. Akamweleza habari za mfinyanzi wa vyungu, na jina lake, ambalo Mkunga alimfundisha kulitamka sawasawa. Mhifadhi hakuelewa yote, lakini aliandika. Kwenye kibao cha maelezo pakawa na wanawake watatu: aliyefinyangwa, aliyeanza, na aliyemaliza.

Siku ya ufunguzi chumba kilijaa. Msusi alikuja na wateja wake, akasimama kando ya kichwa chake cha ujana, akakataa kuondoka. "Nitazameni vizuri," alimwambia kila mpita njia, "huyu na huyu, nani mzuri?" Mwalimu wa darasa la kwanza aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Jina la Mama Vichwa lilikuwa mlangoni, herufi kubwa, na Chiriku alilisoma kwa sauti kwa kila aliyeingia, awe ameomba au hakuomba.

Kitinda alisimama karibu na ukuta. Alisikia harufu ya rangi mpya, manukato ya wageni, sakafu iliyopigwa deki. Alikuwa ameonja chai asubuhi ile, ikamuunguza ulimi, akafurahi. Kilichokuwa bado hakijarudi ni ngozi ya uso. Mkunga alimwambia asubiri, mengine huchelewa.

Mhifadhi alianza kuhutubia. Alitaja majina ya wanawake mmoja mmoja, na kwa kila jina mtu mmoja kati ya umati aliitikia, "Huyo ni bibi yangu," au "Ni mama yangu mdogo huyo," mpaka hotuba ikawa kama mahudhurio ya shule na watu wakaanza kucheka na kupiga makofi.

Dada akamgusa bega. Alikuwa anamnyooshea leso.

"Chukua."

"Ya nini?"

"Unalia."

"Mimi?" Kitinda alisema. Hakuwa anahisi chochote usoni. Akapeleka vidole mashavuni, kwanza kimoja, kisha vyote, akapapasa. Vilirudi vimelowa. Akavitazama kwenye mwanga wa taa.

Maji yalikuwa ya kahawia, mazito kidogo. Alipovisugua vidole, vilikwaruza.

Akaichukua leso, akajifuta macho yote mawili vizuri, akaikunja upande safi ukiwa nje, akaitia kwenye mkoba wake kabla Dada hajaiomba. Mhifadhi alikuwa amefika kwenye jina la mama yao. Watu waligeuka kuwatafuta. Kitinda aliinua mkono, akaitikia.